Mimi, Shwedagon na Wali wa Kunata

Jumatatu, 3 Machi

Kamati ya mtaa imetangaza. Picha bora ya Shwedagon, pagoda yetu ya dhahabu, itapamba kalenda ya mwaka wetu mpya wa Aprili, ukutani mwa kila nyumba. Miaka mitatu mfululizo kalenda hiyo imebeba picha za U Phone Maw, muuza tambuu wa jirani na mkahawa wa chai. Muuza tambuu! Nami niliyefundisha jiografia miaka thelathini na mmoja nimetajwa mara moja tu, na jina wakalikosea.

Mke wangu, Daw Hnin Wai, ametoa hukumu: nikishindwa safari hii, kamera itakwenda kwa dada yake, apate kuwapiga picha mbwa wake. Nilimjibu kwa utulivu kwamba sitashindwa. Akasema, "Haya, Baba Thiri, tutaona," kwa sauti ile ya kumwambia mgonjwa kwamba anaendelea vizuri.

Mkakati: pagoda bila binadamu hata mmoja. Dhahabu na mbingu, basi.

Jumanne, 4 Machi

Alfajiri. Uwanja mtupu! Nikapiga goti, nikafumba jicho moja. Nilipolifumbua, wafagiaji wa kujitolea wapatao arobaini walikuwa wananijia kwa mstari mmoja, fagio kwa fagio, wakiongozwa na mama mwenye thanaka, poda yetu ya gome la mti, mashavuni na sauti ya sajini. Niliwaomba wapishe kidogo. Mama akauliza nimezaliwa siku gani. Jumanne, nikasema kwa fahari, na kwetu kila siku ina mnyama wake: wangu ni simba.

Lo! Kumbe ni kundi la waliozaliwa Jumanne. Akaniuliza, mzee mzima, siku yako mwenyewe, unakuja na kamera badala ya ufagio, huoni haya?

Nimefagia hadi saa mbili unusu. Thawabu ninayo. Picha sina. U Phone Maw alipita, akanikumbusha nisisahau kona ile.

Jumatano, 5 Machi

Nimeigundua saa isiyo na watu: saa saba mchana, marumaru inapogeuka kikaango. Mahujaji wote huwa vivulini au juu ya zulia lililotandikwa njiani. Pembe bora, hata hivyo, iko hatua ishirini nje ya zulia. Viatu marufuku. Soksi marufuku. Nilijaribu leo kwa nyayo tupu na ushujaa. Hatua sita.

Suluhisho limenijia nikiwa nimetumbukiza miguu karoni: majani ya mgomba chini ya nyayo, yakigandishwa kwa wali wa kunata. Si kiatu. Si soksi. Sheria haikutaja chakula! Nilimdokezea Hnin Wai, kinadharia tu. Akauliza ni wali gani huo. Nikasema ule wa asubuhi. Akasema basi asubuhi nitajilamba miguu.

Alhamisi, 6 Machi

Mlinzi mlangoni alitazama miguu yangu, akauliza, "Mzee, hiyo nini tena?" Nikasema ni dawa ya ukurutu. Akanipisha upesi sana.

Saa saba na dakika tano. Uwanja mtupu. Hatua kumi na nane bila maumivu. Elimu, jamani, elimu!

Hatua ya kumi na tisa, njiwa. Akanidonoa kisigino. Nikamfukuza kwa hadhi. Akaenda, akarudi na ukoo wake: mia mbili, kwa makadirio yangu. Wali ukaliwa. Majani yakabanduka. Nyayo zikakutana na marumaru. Nilichofanya baada ya hapo hakimo katika mtaala wowote. Mkono mmoja ulishika kikoi, mwingine kamera, kisha yote miwili ikakimbilia mbinguni.

U Phone Maw alikuwa kivulini, juu ya zulia. Akaniita, "Mwalimu! Ruka tena, huku kulia!" Nikadhani ananielekeza palipopoa. Nikaruka.

Nilichopata: kidole changu, anga tatu, jicho la njiwa.

Jumapili, 30 Machi

Kalenda zimetoka. Mshindi: U Phone Maw. Pagoda inawaka dhahabu, njiwa wametanda kama mabawa, na katikati yumo mzee mmoja hewani, mikono juu, kinywa wazi. Chini imeandikwa: "Furaha ya Mcha Dini." Mwenyekiti amekiri hajapata kuona imani ya namna hiyo. Mama wa ufagio amelia machozi.

Hnin Wai amecheka hadi akakaa sakafuni. Kisha akaanza kuifunga kamera kwa karatasi. Nikakata rufaa: ni nani aliye katika kila ukuta wa mtaa huu? Ni mimi! Alinitazama mimi, akaitazama kalenda, akaanza kucheka upya. Akafungua karatasi. "Mwaka mmoja tu, Baba Thiri. Na wali wangu usiuguse."

Nimeapa. Na kwa kweli kosa nimekwisha kuling'amua, lilikuwa katika wali peke yake. Mwakani majani nitayagandisha kwa asali.

Njiwa hawali asali.