Babu Kafa Mara ya Tatu

Leo nimeaibika, jamani. Si ile aibu ya kuteleza sokoni ukainuka ukajipangusa. Mtaa mzima wa Jadida umekuja kunipa pole kwa kifo cha mtu aliyekufa zamani za Wareno, na mimi nikawapokea.

Nawaandikia nyinyi wa kundi letu la walimu wastaafu kabla hamjaipata kwa wengine, maana hapa Wete habari haingoji gari. Someni mpaka mwisho ndipo mhukumu.

Nianze na binti yangu Raya, anayekaa Unguja na mumewe. Tangu mama yake, Bi Salma, atangulie mbele ya haki mwaka juzi, Raya ana wimbo mmoja tu: "Baba, funga nyumba uje ukae nasi." Nami jawabu langu ni lile lile. Sina upweke, nina majirani, nina watu wangu. (Watu wenyewe hunisalimu njiani wakapita zao. Hodi hawabishi. Na mimi kwao sibishi, nisiwasingizie.) Mwisho akachoka na mimi, akaniletea tableti, ndani kaniwekea gemu. Akasema hii ni ya historia, tena ya pwani yetu, na kwa kuwa nimeisomesha historia umri wangu wote nitaipenda.

Gemu yenyewe imetengenezwa na vijana wa Bara. Unapita katika miji ya zamani, unakutana na watu walioishi kweli, unawasaidia mambo yao. Wiki hii nikafika sehemu ya Pemba, na nani namkuta? Shaame Kombo wa Chokocho. Babu yangu mimi! Babu wa babu wa babu mpaka pumzi ikatike, lakini babu.

Sisi katika ukoo tunamjua huyu. Bibi yangu alitusimulia tangu hatujajua kufunga vifungo. Alikuwa mfupi, anachechemea mguu mmoja, mfuga mbuzi. Wareno walipokuja kutaka chakula na kodi, hakushika hata kisu. Aliwatoa watu wa kijiji alfajiri akawaficha mikokoni, na mbuzi wake akawafunga midomo wasilie. Wareno wakakuta kijiji kitupu, wakaondoka na njaa yao. Kisha akazeeka, akafa kitandani kwake, wanawe na wajukuu wamemzunguka, anawagombeza kwamba pweza waliyemletea hajaiva. Hayo ndiyo mauti yake. Bibi kila akifika hapo alikuwa anacheka.

Sasa mwoneni wa kwenye gemu. Jitu refu, kifua wazi, misuli imejaa, hereni sikioni. Kichwani tarabushi jekundu ambalo siku zile hata halijafika kwetu. Anazungumza kama mtangazaji wa redio. Nyuma yake kasimama twiga. Twiga, Pemba! Na mwisho wake ni kwamba anapanda juu ya ukuta wa ngome, anapiga ukelele, anachomwa upanga wa kifua, anakufa. Peke yake.

Hilo la kufa peke yake ndilo lililonikera. Twiga ningemsamehe.

Basi leo baada ya Adhuhuri nikakaa sebuleni na tableti yangu, nimeazimia kumwokoa. Nilitaka nimshushe ukutani nimpeleke mikokoni, akazeeke, afe inavyopasa. Gemu inakuruhusu umwite mtu akufuate. Nikamwita. Hakuja. Akapanda, akachomwa. Nikarudia mwanzo, mara hii nikasimama kwenye ngazi kumzibia njia. Akanipenya mwilini kama sipo, akapanda, akachomwa.

Mara ya tatu nikaanza kumsemesha kwa mdomo wangu. Kwanza nikamwamkia, maana mzee huwezi kumtolea amri hujampa shikamoo yake. (Pengine ndiyo iliyomponza, muda ulipotea hapo.) Kisha nikamwambia, kwa sauti kubwa, "Babu, teremka. Nakuomba teremka. Na weye usiniwache."

Akachomwa.

Gemu ikanyamaza. Nyumba nayo ikanyamaza. Nikasikia friji inanguruma jikoni, basi, hakuna pumzi nyingine humu ndani. Nikasema innalillahi wa inna ilayhi rajiun, na kilio kikanitoka. Kilio cha kelele, ndugu zangu, na mvi zangu zote. Sikuwa nimelia hivyo hata siku ya Bi Salma. Siku ile wageni walikuwa wengi, nilikuwa napokea mikono, nafasi sikuipata.

Na kwetu mnajua. Ukisikia innalillahi na kilio kwa jirani, huulizi kafa nani. Unajitanda, unakwenda, unakaa. Kumuuliza mfiwa ni kumtonesha kidonda. Utajua huko huko kwa wenzio.

Wa kwanza kuingia alikuwa Bi Time, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Sikumbuki lini alipita mlango huu mara ya mwisho. Akakaa chini, akanambia pole mwalimu, ni amri ya Mungu. Nami nikajua kanisikia ukutani nikihangaika na babu. Nikamjibu nimejitahidi, Bi Time, lakini kanishinda. Akaanza kulia. Nikajisemea moyoni, kumbe huyu mama naye ana moyo wa historia.

Wakaja wengine. Wanaume wakatandika mikeka uwani. Wanawake wakapita moja kwa moja jikoni na masufuria yao, mara nasikia nazi inakunwa nyuma ya nyumba yangu. Mtu mwenye akili zake angeshtuka. Mimi nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi mno. Umri mzima nimesomesha historia watoto wakisinzia, na leo mtaa umenijalia babu yangu! Nikakaa katikati ya sebule nikawaeleza marehemu alikuwa nani, wema wake, mbuzi wake. Wakazidi kulia. Darasa zuri kama lile sijapata kusomesha.

Ndipo akaja kuniinamia Mzee Faki, ambaye ndiye anayesimamia maziko mtaani kwetu. Ana sauti ya chini yule mzee, ya kazi yake.

"Mwalimu, yakhe, pole. Marehemu kafia wapi?"

"Ukutani. Upanga wa kifua."

Mzee Faki akasogea karibu. "Lini?"

"Sasa hivi. Hii mara ya tatu."

"Ya tatu?"

"Mara mbili za mwanzo nilidhani kosa langu, nikarudia. Anakufa vile vile."

Akawatazama wenzake. Wenzake wakatazama mkeka. Akanishika bega kwa huruma (sasa najua ilikuwa huruma ya aina gani) akauliza taratibu, "Na maiti yuko wapi?"

"Hakuna maiti. Mwili unapotea wenyewe, inabaki kofia. Na kofia yenyewe, Mzee Faki, si ya wakati ule."

Nasikia hapo kuna waliokwishaanza kunisomea Ayatul Kursiyyu, shetani anitoke.

Kumbe mambo yameshatoka nje ya nyumba. Kuna aliyeandika kwenye kundi la mtaa kwamba kuna msiba kwa mwalimu Hamad. Basi, hivyo tu. Na kila mtu anajua kwa mwalimu Hamad anaishi nani. Ni mimi peke yangu. Hesabu hiyo haimshindi mtoto, na haikumshinda aliyekuwa Unguja.

Simu yangu ikalia. Jina la Raya. Mimi simu huweka spika kwa ajili ya masikio yangu, na leo pia nikaweka.

"Nani huyo kashika simu ya Baba?"

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Baba yako, Raya."

Nikasikia mwanangu analia, na nyuma yake wachukuzi wanaitana na honi ya boti.

"Baba, niko bandarini. Nimeshakata tiketi nije kukuzika."

Nikatazama ile mikeka, yale masufuria, Bi Time na macho yake mekundu, na hapo tu, saa zote hizo zimeshapita, ndipo nikaelewa wale watu walifuata nini kwangu. Raya akauliza lile swali ambalo nyumba nzima ilikuwa imelimeza kwa adabu: sasa kafa nani? Watu wote wakasogea.

"Shaame Kombo," nikasema.

"Shaame Kombo yupi?"

"Wa kwenye gemu."

Mbuzi ya nazi nyuma ya nyumba ikanyamaza. Nilitamani ardhi ipasuke niingie na tableti yangu. Na bado, maana Raya hakucheka. Akauliza polepole, "Basi ulikuwa unalia nini, Baba?"

Ningeweza kudanganya. Nimemdanganya tangu mwaka juzi, tena vizuri. Lakini ulimi ukanitangulia.

"Nyumba kimya, Raya. Kimya mno."

Spika iko wazi. Mtaa wote umo ndani.

Hiyo ndiyo aibu yenyewe, ndugu zangu. Ile ya gemu ni ya kuchekwa, itapita. Hii nimewavulia nguo majirani walioamini kwamba mwalimu hana shida na mtu. Mzee Faki akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia, kumbe kicheko kimemshinda, na kikawapata wote mpaka uwani. Akapigiwa aliyekwenda kuchimba kaburi, akaambiwa afukie. (Nasikia alikuwa keshafika kiunoni. Nimemkosea sana.)

Bi Time peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama, kashika ncha ya kanga yake.

"Alaa," akasema. "Kumbe mpaka afe ntu ndo tuje kwako."

Kicheko kikakatika.

Wali ulikuwa umeshaiva, na wali wa nazi haurudishwi kwenye gunia. Tukala. Mzee Faki, anafuta mdomo, akataka kujua huyo babu alikufa vipi kweli, achana na mambo ya upanga. Nikawaambia kitanda, wana, wajukuu, pweza hajaiva. Wakacheka pale pale alipokuwa akicheka bibi. Kisha Mzee Faki akasema hata hivyo ni Muislamu mwenzetu, akamsomea Fatiha, tukaitikia amina. Kwa hiyo leo Jadida babu amekufa sawasawa, kazungukwa na watu. Wale vijana wa gemu hawakuweza hilo.

Raya kaniambia tiketi hairudishwi, anakuja kesho, atashuka Mkoani. Anakuja kunitazama tu, anasema. Habari ya kufunga nyumba leo hakuitaja, nami sikumkumbusha.

Sasa Magharibi inakaribia, wameondoka wote. Wamenifagilia mpaka uwani. Friji inanguruma. Bi Time kasahau sufuria lake kubwa jikoni kwangu, na nimeshaamua silipeleki. Alifuate mwenyewe.

Naomba mnisitiri, msinicheke. Na kama kicheko kimewashinda, njooni mkicheke humu ndani: kesho baada ya Alasiri, babu anakufa tena.