Mkwaruzo wa Bosi

Jumatatu, 4 Machi

Ijumaa mkuu wa maabara anachagua msimamizi wetu sisi watunza tumbili. Ni mimi au shemeji, kaka wa mke wangu. Tumbili wake wananyoosha mkono nje ya kizimba, wanatolewa damu, wanapewa kipande cha tunda, basi. Wangu, Bosi, ananigeuzia mgongo! Ana kirusi kinachofanana na cha Ukimwi. Kwake hujaribiwa dawa za kuokoa watu, lakini kuniokoa mimi hataki. Nimegundua kasoro: glavu. Nani anapenda kushikwa na mpira? Kesho mkono mtupu.

Jumanne, 5 Machi

Bosi katoa mkono! Nikashangilia. Akashtuka, akanikwaruza. Kidole damu, na kucha zake nazo damu, ametoka kujikuna kidonda. Sheria: osha, toa taarifa papo hapo, uanze dawa za kinga kabla ya siku tatu kupita. Nimeosha. Taarifa? Msimamizi gani anakwaruzwa bila glavu? Plasta, kimya.

Jumatano, 6 Machi

Naogopa. Nikikohoa tu, najiona kaburini. Nimemwambia mke wangu mgongo unauma, nitalala sebuleni. Kikombe changu nimekitenga. Akauliza huyo mwanamke ni nani. Nikaapa hakuna. Akasema mgongo gani unaouma usiku, mchana unabeba mtungi wa gesi. Ukweli ulikuwa mdomoni kabisa. Lakini angempigia kaka yake, na cheo kwaheri.

Alhamisi, 7 Machi

Kampigia hata hivyo. Shemeji kanifuata stoo, kafura, akasema dada yake si wa kuchezewa, nimtaje huyo mwanamke. Nikainua mikono kuapa. Akaona plasta, akauliza ni nini. Nikasema kisu cha jikoni. Akauliza tena, polepole. Nikasema ni Bosi, juzi asubuhi.

Akanikamata ukosi, mbio hadi kwa daktari. Daktari kanifokea: kesho ningekuta muda umekwisha. Nimemeza vidonge machozi yakinitoka, shemeji kanishikia glasi. Mke wangu kalia, kanitukana, kalia tena.

Jumatatu, 8 Aprili

Vidonge vimeisha. Kipimo cha kwanza safi, ila nitarudi kupimwa. Mke wangu kanirudisha chumbani, kwa masharti. Shemeji ndiye msimamizi. Mimi niko jikoni, nakata matunda ya tumbili, marufuku kusogelea vizimba. Ana funguo kiunoni, anatembea kama jengo ni lake! Wivu unaniua.

Lakini kesho wanakuja wageni kutazama tumbili wake wakitoa mikono. Tumbili wakiwa wameshiba tangu alfajiri, nani atahangaika kwa kipande cha tunda? Nitawahi kabla hajafika, niwalishe mmoja mmoja hadi wavimbiwe. Kwa mkono mtupu, bila shaka. Wakisikia harufu ya mpira hawatakula.