Ndege Watulivu wa Naviundu

Jumamosi, 6 Septemba 2025
Matembezi ya kwanza ya kundi letu la watazamaji ndege, kwenye hifadhi ya kinamasi cha Naviundu. Madame Simone, mwalimu wa biolojia anayetuongoza, ametangaza kwamba picha bora ya mwezi itawekwa kwenye bango la lango la hifadhi, na jina la mpiga picha chini yake. Jina langu! Mimi Laurent, ambaye watu wananikumbuka wakifiwa tu!

Kazi yangu ni picha za vilio, za misibani. Naiweza, maana maiti hatikisiki. Ndege ni wakorofi. Nikisogea, purr! Nina picha nyingi za matawi. Élie, mpiga picha za harusi, ana lenzi ndefu kama mwiko wa kusongea bukari, ugali wetu. Amempata mdiria na samaki mdomoni. Akanionyesha bila kuombwa. Simpendi.

Jumatatu, 8 Septemba
Mpango mpya. Nimejifunika kitenge cha kijani cha mke wangu Adolphine, nikalala kwenye matope asubuhi nzima. Ndege hakuna. Mbwa amekuja, akanikojolea mguu. Adolphine ameona kitenge. Hasemi nami.

Jumatano, 10 Septemba
Wamenizoea! Maji ya mto unaolisha kinamasi yamegeuka mekundu, eti kuna watu wanaosafisha madini kule juu. Rangi safi sana kwa picha. Nyange walikuwa kwenye matete, nikawafikia karibu kabisa, hawakuruka. Mmoja ameniinamia kwa heshima. Nikamnyoosha shingo, kama ninavyomnyooshea marehemu tai ya suti. Akakubali. Hata samaki wamepanda juu, wamelala ubavu, jicho kwa kamera. Na Élie yuko harusini. Ha!

Jioni Adolphine amevunja kimya chake, akaniita kwa jina la mtoto wetu. Baba Keren, ile maji iko mubaya, na mabata yangu inakunywa kule. Umeiona? Nikamwambia asinivuruge, ninachagua picha.

Jumamosi, 13 Septemba
Nimeonyesha picha zangu mbele ya kundi zima. Nikangoja makofi. Madame Simone ameangalia nyange wangu kwa muda mrefu, akauliza kama huyu ndege ilikuwa muzima. Muzima kabisa, nikasema, hata alinisalimu. Akaanza kulia. Mzee Kangwa, mlinzi wa hifadhi, akasema tangu juzi anabeba ndege waliokufa kwa toroli na kuwazika, na hajamaliza.

Hifadhi imefungwa. Langoni watabandika picha yangu, juu yake maneno makubwa: HATARI, MAJI YA SUMU. Picha yangu langoni! Élie amenishika bega, macho mekundu. Wivu. Jina langu wamelisahau. Nitawakumbusha.

Jumapili, 14 Septemba
Adolphine hajaenda kanisani. Yuko uani tangu asubuhi. Amesema niliona, niliulizwa, nikanyamaza. Amesema mabata ndiyo ilikuwa kazi yake, na sasa atafanya nini. Mimi nikamwambia lawama apelekewe anayesafisha madini.

Nimechungulia dirishani. Bata wamekaa kando ya ukuta, vichwa chini, hakuna anayekimbia. Mmoja yuko mapajani mwake. Adolphine mwenyewe hatikisiki. Na mwanga wa saa hii, mama yangu!

Nimechukua kamera. Nimemwomba ainue kidevu kidogo.