Siku Bi Chapuchapu Alipongoja Fedha Ipoe

Sogeeni, enyi wenye masikio, na wenye masikio mazito waketi mbele! Zimeni redio, epueni chungu, na wewe unayetafuna karanga huko nyuma, tafuna kwa adabu, kwani nasimulia vita ambavyo havikupigiwa baragumu wala havikumwaga damu, ila jasho lilimwagika kweli. Ewe ulimi wangu, usiteleze! Ewe pumzi, usinikatikie katikati ya sentensi, maana sentensi zenyewe ni ndefu.

Palikuwa na sonara, binti wa sonara, jina lake la ushujaa Bi Chapuchapu. Huyo ndiye Mshika Koleo, Mtikisa Nyundo, Bingwa wa Kuanza Kabla ya Kuambiwa. Aliweza kila kitu isipokuwa kungoja. Chai ilimchoma kila asubuhi, na kila asubuhi aliilaumu chai. Na fedha, enyi watu, fedha aliichovya majini ingali nyekundu kwa moto, nayo ikapasuka ta! mbele ya mwenyewe aliyekuja kuichukua.

Siku hiyo juu ya meza ya karakana ililala bangili ya mama yake. Aliyeifua ni marehemu baba, akamvisha mkewe angali msichana, na haikuvuliwa tena mpaka mkono ulipovimba kwa uzee, ikatolewa kwa povu la sabuni na machozi. Tangu hapo haikupita tena kwenye kiganja. Mama akawa anauficha mkono chini ya mtandio, na barazani hakutoka, kwa kuona haya ya mkono mtupu. Sasa bangili ilitakiwa ipanuliwe. Ikipasuka, itabidi iyeyushwe, na kitakachofuliwa baadaye kitakuwa bangili tu, si ile ya marehemu.

"Mwanangu," akatamka mama kutoka kwenye kigoda chake, kwa sauti ya mtu anayefungua baraza la vita, "mimi nilikuzaa kabla ya miezi kutimia, kwa hiyo haraka yako naijua ilikoanzia. Lakini fedha haina mama wa kukuombea msamaha. Ukiichovya nyekundu, usinitazame usoni."

"Mama, naapa kwa nyundo hii, nitangoja!"

"Uliapa hivyo hivyo kuhusu pete ya shangazi yako."

"Ile pete ilikuwa na kiburi, mama."

Basi shujaa akaivika bangili kwenye mti wa chuma, ule mche mnene wa kupanulia bangili, akaishambulia pande zote, ko, ko, ko, mpaka fedha ikakasirika. Ndivyo wasemavyo mafundi: fedha iliyochanganywa na shaba ikigongwa sana huwa ngumu, hukataa kusogea, na ukiilazimisha huvunjika. Dawa yake ni moto, kisha subira, kisha maji. Moto alikuwa nao. Maji yalikuwamo karaini. Subira ilikuwa bado haijapatikana.

Akavuta pazia, kwa kuwa wekundu wa fedha ni wa aibu, hauonekani ila penye giza kidogo. Akaielekezea bangili ulimi wa gesi, taratibu, akiuzungusha, mpaka fedha ikaona haya, ikaiva wekundu hafifu. Akazima moto. Hapo ndipo vita vilipoanza!

Mkono wa kulia, bila kutumwa na mtu, uliinyakua bangili kwa koleo. Mkono wa kushoto ukaukamata wa kulia. Mguu ukagonga sakafu. Shujaa akauma mdomo, akatazama dari, akaimba kimoyomoyo, akaudhika na wimbo.

Mara mlango ukafunguka, akaingia mumewe, seremala mwenye mgongo mpana kama mlango wa ghala. "Jamani, mbona mmekaa gizani kama popo?" akasema, akalivuta pazia kwa mapenzi yake yote, na kamba ikakatika. Jua likaingia lote. Bangili ikaonekana nyeupe, tulivu, haina kosa na mtu.

"Imepoa!" akapaza sauti Bi Chapuchapu, akaishusha kuelekea majini. Mama akafumba macho.

Koleo likasimama kidole kimoja juu ya maji. Shujaa alikuwa amepatwa na jambo geni kwake, yaani shaka. "Tangu lini," akajiuliza kwa sauti, "kitu chochote duniani kikawa tayari kabla yangu mimi?"

Akageuka. "Mume wangu! Ewe ukuta wa nyumba yangu! Simama dirishani unipe kivuli!"

"Mpaka lini? Nina njaa mwenzio."

"Simama, bwana wee!"

Akasimama, na jua likapatwa. Na katika kivuli cha mgongo ule, lo! bangili ilikuwa bado nyekundu kama jicho la mlevi. Mama akashusha pumzi kwa kishindo. Bi Chapuchapu akalirudisha koleo mbali na maji, maana alijua fika alichoponea.

Akangoja. Watu wangu, alingoja! Wekundu ukafifia kwa madaha, ukasita, ukafifia tena, na yule mwanamke machozi yakimtoka kwa uchungu wa kutofanya chochote. Ulipotoweka kabisa, akachovya. Chwiii! Mama akatega sikio atafute ule mlio wa kupasuka. Haukuja.

Fedha ilikuwa laini, imesahau hasira zake zote. Ikagongwa, ikapanuka, ikasuguliwa ikang'aa, na binti akaipitisha kwenye kiganja cha mama yake polepole, kwani siku hiyo alikuwa mtu mwingine.

Mama hakuhutubia. Aliizungusha bangili mara kadhaa, kisha akasema, "Siku nilipoivua niliona kama nimemfukuza baba yako nyumbani." Akauacha mtandio wake kigodani, akatoka barazani, akaupunga mkono hewani kwa kila aliyepita, hata kwa yule jirani waliyenuniana naye ukoo mzima. Jirani akaduwaa, akaupunga wake.

Wengine huhesabu miaka kwa mafuriko, wengine kwa vita. Mtaa ule huhesabu hivi: fulani alizaliwa kabla Bi Chapuchapu hajangoja, na fulani baada.