Malalamiko ya Kuponyewa Paka

Chumba cha Ushonaji,
Nyuma ya Duka la Viatu.

Kwa Daktari wa Mifugo,
Kliniki ya Wanyama.

Daktari Mheshimiwa,

YAH: WEWE KUMPONYA PAKA WANGU

Natumaini barua hii inakukuta mzima, pamoja na yule msaidizi wako aliyekwaruzwa mkono. Mimi ni mama wa Meneja, yule paka mzee wa rangi ya majivu aliyeletwa kwako akinywa maji kama aliyelamba gunia la chumvi na kukojoa kila kona. Tulimpa jina hilo kwa sababu hukalia kiti kizuri kuliko vyote na hana kazi. Ulimpima ukasema ni kisukari. Ukampangia sindano asubuhi na jioni, ukambadilishia chakula, na baada ya miezi kadhaa ukatuambia sindano basi. "Mama, sukari imelala," ulisema. "Haijafa. Mkirudia wali na mikate, itaamka."

Nilikushika mkono nikakuombea dua. Leo naandika kuzifuta shukrani zile. Nimekaa, nimetafakari, nimeona umenitia hasarani, na nimeamua kulalamika kwa maandishi kama mtu aliyesoma. Shule niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu ulibandikwa ukutani, na mwalimu aliyeubandika yu hai, anaweza kuulizwa.

1. Kuhusu chakula. Ulisema nyama, mayai na samaki, na vitu vya unga asionje. Daktari, wewe ulisema ukaenda zako nyumbani. Mimi nikabaki na paka mwenye masharti na mkoba wenye tundu. Ile mikebe ya dukani ya paka wagonjwa niliisoma bei nikairudisha taratibu, nisije nikaidondosha. Lakini akili ni nywele, na zangu zimejaa. Nikaanza kununua shingo za kuku, firigisi, na mayai yaliyopata ufa. Nachemsha bila chumvi wala kitunguu, natoa mifupa yote, nasaga, nagawa kwenye vikopo. Hakuna mama mtaani hapa anayemlisha mgonjwa wa sukari kwa gharama ndogo kama mimi, na nimewaambia wote. Matokeo yake paka anakula nyama, sisi tunakula wali kwa mchuzi uliobaki kwa paka. Juzi baba watoto aliniuliza, "Hivi, mama watoto, mkuu wa nyumba hii ni nani?" Nikamjibu, "Ni yule mwenye daktari wake." Akaendelea kula. Na vile vyote alivyokatazwa Meneja, mkate, biskuti, maziwa yake yenye sukari, vimeniangukia mimi, maana kwetu chakula hakitupwi.

2. Kuhusu heshima yangu. Muuza nyama hunitengea mabaki, na akiniona kwa mbali hupaza sauti, "Mama Shingo, zako hizi hapa." Nyuma yangu kwenye foleni mmoja ananihurumia kwamba tumefilisika, mwingine ananung'unika kwamba nina fedha za kuchezea hadi namnunulia paka nyama. Nimekuwa maskini na tajiri katika foleni moja, na sikupunguziwa bei kwa lolote kati ya hayo.

3. Kuhusu utulivu wa nyumba. Niliporudi na habari kwamba sukari imelala, baba watoto alipunguza redio. Nilimwambia hiyo ni lugha ya kitaalamu tu, mimi naielewa. Hata hivyo niliihamishia cherehani chumba cha nyuma, kwa kuwa tahadhari haina hasara. Mpaka leo wateja wangu wanavua viatu mlangoni na kuninong'oneza vipimo vyao. Suruali mbili zimetoka fupi kwa sababu yako.

4. Kuhusu sifa. Hapa nina kosa dogo: nilisimulia. Nilisimulia kisimani, nilisimulia msibani, nilimsimulia hata mkaguzi wa mita ya umeme. Sasa watu wananiletea wanyama wao. Jirani wa mbele alikuja na kuku anayesinzia. Kusema sijui si desturi ya ukoo wetu, basi nikamshauri shingo za kuku. Aliondoka akinitazama vibaya, na kuku naye vivyo hivyo.

5. Hili ndilo kubwa, hayo mengine nilikuwa nanoa kalamu. Binti yangu wa mwisho ni fundi umeme. Nimeliandika polepole ulisome vizuri: fundi umeme. Hupanda nguzo, wanaume wakimshikia ngazi. Amehamia upande wa pili wa mji, karibu na kazini kwake. Meneja alipokuwa akichomwa sindano, yeye ndiye aliyemchoma, kwa kuwa mimi, niliyeshika sindano tangu usichana wangu, nikiona inaingia kwenye kitu chenye joto naona giza. Alikuja asubuhi kabla ya kazi, akaja tena jioni. Alimtoboa sikio kwa kale kamashine ka kupimia sukari, akamchoma, kisha akanywa chai, akamsengenya bosi wake, nami nikamshonea mifuko ya ovaroli iliyotobolewa na bisibisi.

Ndipo wewe ukamponya paka.

Sasa binti anapiga simu. Anauliza, "Meneja hajambo?" halafu, "Na wewe, mama?" Nimekuwa wa pili, Daktari, katika nyumba niliyoipaka rangi kwa mikono yangu. Nikimwambia aje, anasema, "Nikipata nafasi, mama." Nani aliwahi kupata nafasi hapa duniani? Tangu hapo nina hasira mpaka zinanikausha koo. Namaliza jagi la maji peke yangu, na msalani nimetengeneza njia. Hasira ni kitu kibaya.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, naomba umrudishie Meneja sukari kidogo. Si ya kumuumiza. Nataka ile ya kistaarabu, ya siku za kazi tu, Jumapili apumzike. Kama kitaalamu haiwezekani, basi andika kwamba paka huyu lazima aonwe na fundi umeme asubuhi na jioni. Mhuri wako unatosha.

Ukikataa, nitampa mkate mwenyewe. Usidhani natishia. Jana nilimwekea kipande kilicholowekwa maziwa. Alikinusa, akanitazama kama alivyokuwa akinitazama mwalimu wa hesabu, kisha akaanza kukifukia kwa mguu kama anavyofukia choo chake. Nikakila mimi.

Nisalimie kliniki nzima: dada wa mapokezi, msaidizi wako na mkono wake, na yule mbwa wa bendeji. Baba watoto naye anakusalimu, kwa sauti ya chini.

Ni mimi niliyeponyewa,
Mama wa Meneja
(na wa fundi umeme)

N.B. Barua hii imechelewa kwa kukosa bahasha. Nikiwa bado natafuta, binti alipita kuchukua ovaroli yake, akanikuta namalizia jagi. Alisimama akanitazama. "Mama, unakunywa kama Meneja wa zamani." Kabla sijajitetea, alikuwa ameshatoa kale kamashine, akaweka kisindano kipya, akanitoboa kidole. Ya Meneja imelala fofofo. Yangu iko macho na imeshavaa viatu. Kesho yake alinipeleka hospitali nikapewa vidonge. Sasa anakuja asubuhi kabla ya kazi na jioni akitoka, kuhakikisha nimemeza. Anakunywa chai bila sukari ili nisione wivu, anasaga shingo za wagonjwa wawili, zangu zikitiwa chumvi kidogo, na kila siku ananiambia, "Mwenzako hasumbui hivi." Kwa hiyo futa namba moja mpaka tano, na paka usimguse. Nitumie tu nakala nyingine ya ile karatasi ya vyakula, ya kwanza imelowa mchuzi. Na ukikutana na daktari wangu wa watu, huko mnakokutana madaktari, mwambie taratibu, asije akawa na haraka kama wewe.