Malalamiko Kuhusu Nguzo Nne Mlizozivisha Msiba Nikiwa Hai

Opanyin Kwadwo Pipim,
Nyumba ya Ghorofa Mbili,
Tafo, Kumasi.

Kwa Mheshimiwa Mhandisi Serwaa Boakyewaa,

Pokea salamu zangu. Anayekuandikia si mtu wa kupuuzwa. Hapa Tafo hakuna ukuta uliosimama wima ambao mimi sikuutazama kwanza. Shule niliachia darasa la sita, mwalimu alipokiri kwamba hana cha kuniongezea. Nyumba hii niliijenga kwa mikono yangu, na mwaka ule upepo ulipong'oa mabati ya mtaa mzima, hii ilitikisika kidogo kwa adabu, kisha ikatulia.

Kwa hiyo mwezi uliopita ulipokuja na kinyundo chako, ukagonga nguzo nne za barazani na kusema, "Mjomba, hizi zimechoka, ghorofa ya pili umeziongezea bila kuziuliza," nilinyamaza. Nilinyamaza kwa heshima ya dada yangu Nyarkoa, anayekaa ghorofa ya juu, ambaye ndiye aliyekuita kwa siri. Sasa nimechoka kunyamaza.

1. Mafundi wako walizisaga kona za nguzo mpaka zikawa mviringo kama viazi vikuu. Kona zile nilizinyoosha kwa kamba na jicho langu. Fundi mmoja akanieleza kwamba kona kali hukata nyuzi za kitambaa watakachozungushia nguzo. Nikamuuliza, kitambaa kinachoogopa kona kitabebaje nyumba? Aliendelea kupaka gundi.

2. Kitambaa chenyewe. Mmekizungusha kwenye kila nguzo mara tatu, kama bandeji ya mguu uliovunjika, mkasema ni nyuzi za kaboni, kwamba kikikauka kinaibana zege isipasuke, na kwa kuvutwa kinashinda chuma. Sibishani na sayansi, ingawa ningeweza. Nauliza rangi. Ni cheusi, Mhandisi. Cheusi tii. Na mvua ilipotishia, mafundi wakatundika turubai jekundu juu yake. Wewe ni mtoto wa Kumasi. Nyumba ikifungwa nyeusi na nyekundu mbele, rangi zetu za msiba, mpita njia anaelewa nini?

3. Walielewa. Nilikuwa nimejifungia ndani siku mbili kwa ajili ya jino. Alhamisi mchana rafiki yangu Twumasi alifika kutoka Obuasi, analia tangu kituo cha basi. Kina mama wa kanisani wakaja na nguo zao nyeusi. Nilipotokea mlangoni, shavu limevimba, wote wakatawanyika isipokuwa Dufie muuza wali. Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Kwa hiyo hukufa? Na mimi nimeshafunga biashara." Nikamwomba radhi. Mimi, Pipim, nimeomba radhi kwa kuwa hai.

4. Unajua kwetu mali ya mtu humwendea mtoto wa dada yake. Basi mpwa wangu Sarfo, mtu mzima mwenye lori lake, nilimkuta sebuleni na futi ya kupimia. Nikamsalimu. Akasema, "Shikamoo, Mjomba. Ngoja nimalizie ukuta huu, kwa kuwa nimeshaanza." Na akamalizia.

5. Wazee wa ukoo wamekwisha kupanga mazishi Jumamosi ya wiki ijayo. Hema limepatikana. Picha yangu imebandikwa kwa kinyozi, tena ile niliyopigwa nikiwa nimesinzia. Nilipokwenda kupinga, mkuu wa ukoo alinisikiliza kwa upole mpaka mwisho. Kisha akasema, "Pipim, watu wameshaalikwa, wengine wanatoka Tamale. Njoo tu ukae mbele. Si vizuri wakukose kabisa."

Kwa sababu hizi nakutaka ubandue kitambaa chote kabla ya Jumamosi hiyo. Nguzo zangu zitasimama kwa jina langu, kama zilivyosimama siku zote. Ikikushinda, basi zivishe kitambaa cheupe cha nyuzi za kioo, nasikia nacho kipo, maana weupe kwetu ni furaha, na mimi nina furaha ya kuwa hai.

Nisalimie mama yako, mume wako, na mafundi wote, hasa yule mwenye upara aliyemaliza ndizi zangu za kuchoma bila kuuliza. Nyarkoa anakusalimu. Dufie pia, ingawa bado amenuna.

Wako mwenye haki,
Opanyin Kwadwo Pipim (yu hai)

N.B. Usibandue. Kuna nguzo ya tano chumbani kwangu, ambayo sikukuonyesha. Niliisogezea kabati ulipokuja. Mwaka juzi niliichimba ili redio ipate pa kukaa, nikakata na vyuma viwili vilivyokuwa vinaizuia isiingie vizuri. Tangu Jumanne ufa umefika darini, na kitanda cha Nyarkoa kiko juu yake hasa. Nimemhamishia kwa Dufie, nikamwambia ni panya. Mimi nalala barazani, mgongo nimeuegemeza kwenye nguzo yako nyeusi, kwa kuwa ndiyo pekee ninayoiamini. Njoo kesho asubuhi. Leta cheusi hichohicho, na usihesabu mizunguko. Redio nimeshaitoa.