Mjukuu Wangu Haendi Chikago

Jumatatu, 4 Februari 1952

Theluji tangu alfajiri. Imeangukia mtaa kama unga uliomwagika na hakuna wa kuuzoa. Nimekaa dirishani na kahawa yangu. Nyuma yangu mjukuu wangu Nicasio anapuliza tarumbeta, kalitia kabatini pamoja na kichwa chake, katikati ya makoti, ili majirani wasigonge ukuta. Sauti inatoka imejifunika, kama meli inayoita ndani ya ukungu. Nikafumba macho. Nikaona jina lake kwa taa nyekundu juu ya mlango wa ukumbi wa dansi, Nyu Yoki nzima imepanga foleni, na mimi mlangoni na kofia ya manyoya nawaambia wasisukumane.

Kisha akatoa kichwa kabatini, akaniharibia.

Kasema Jumamosi saa kumi jioni mwenye ukumbi wa ghorofa ya pili, pale njia kuu, atasikiliza bendi mbili, yao na nyingine, na kuchukua moja ipige kila wiki. Wasipochukuliwa wao, Jumatatu ijayo anapanda treni kwenda Chikago kwa mjomba wake, kukata nyama kiwandani. Tiketi kashanunua. Kasema amechoka kuwa na miaka ishirini na sita na sifa zinazoishia kwa muuza mikate.

Nimemlea tangu ana meno mawili. Nimevuka naye bahari kutoka Guantánamo, kwetu Kuba, yeye anatapika, mimi naomba. Midomo ile Mungu hakuiumba ikapauke kwenye chumba cha nyama baridi. Haendi.

Njia ziko mbili. Ama apate ukumbi, ama apate Ondina. Ondina ndiye mwimbaji wao. Mchana anashona mashati kiwandani. Nicasio anampenda mwaka sasa na hajasema. Ana haki ya kuogopa. Msichana yule ana ulimi wa wembe, mwanamume akianza kumtongoza humkata katikati ya sentensi na kumrudishia vipande. Lakini mwenye mchumba hapandi treni. Nitashughulikia njia zote mbili.

Naandika kwenye daftari lake la muziki, lenye mistari mitano mitano. Herufi nilizijua kwenye karatasi za sigara, nilipokuwa nasokota tumbaku. Asije mtu kunisahihisha.

Jumanne, 5 Februari

Nimempindua Mtakatifu Antoni, sanamu yangu ndogo, kichwa chini ndani ya glasi ya maji. Kwetu kila mwanamke anajua: anakaa hivyo mpaka alete mchumba. Nimemwambia bila kumzungusha, mlete Ondina nikutoe. Amenijibu kwa nyayo zake.

Saa nne kashuka Doña Herminia wa ghorofa ya tano kuomba sukari. Sukari anayo. Huja kunusa. Ni mtu wa Havana, na hakuachi ukasahau. Mjukuu wake Arístides ndiye mwimbaji wa ile bendi nyingine: sauti ya asali, na nywele za mafuta mpaka mito ya nyumba nzima inateleza. Akamwona mtakatifu ndani ya glasi. Akaniuliza, shoga, kwa umri huu unatafuta mume?

Ningesema ni kwa ajili ya Ondina, angemwozesha Arístides kabla ya chakula cha mchana. Nikamjibu kwamba mwenye miguu bado anatafuta. Akaondoka bila sukari. Nilidhani nimemkomesha.

Adhuhuri nilisinzia kwenye kiti. Niliota Nicasio na Ondina wanacheza juu ya mto wetu, juu ya maji kabisa, hawazami. Samaki wanawatazama kwa chini. Nikaamka na furaha nisijue pa kuiweka.

Jumatano, 6 Februari

Mlango umegongwa. Don Baldomero, kinyozi wa kona, mjane. Ndiye mgonga vijiti kwenye bendi ya Nicasio. Kavaa tai. Kashika maua yaliyokwisha kufa kwa baridi njiani. Kasema amesikia kwa Doña Herminia kwamba namtafuta mtu, na yeye amekuwa akisubiri dalili miaka minne.

Yaani jengo zima linajua.

Nikamwambia nimezika mume mmoja na mikono bado inaniuma. Akacheka, akadhani ni madaha. Ikabidi niseme waziwazi: masikio yake ni mishikio ya bakuli, na akila supu nasikia kutoka hapa. Akaacha kucheka. Akaweka maua mezani taratibu, akafunga mlango kwa adabu. Maskini, alikuwa amejipaka manukato.

Nimemtoa mtakatifu majini na kumkalipia. Nilimwagiza mchumba, sikumwambia aniletee mimi. Sasa kazi naifanya mwenyewe.

Nimetengeneza barafu ya nazi, tamu ya kumtoa nyoka pangoni, nikaiweka nje ya dirisha ishikane. Ni ya Arístides. Mwimbaji akila barafu ya nazi mwezi wa pili, asubuhi yake anaongea kama mlango wenye kutu. Si dhambi. Ni zawadi iliyokuja kwa baridi. Nikapanda ngazi nikampa Doña Herminia mikononi, nikasema ni kwa ajili ya mtoto wako, awe na nguvu. Tulibusiana mashavu yote mawili. Ana mashavu magumu.

Jumatatu Nicasio hatakuwa kwenye treni. Niliteremka ngazi kama niliyevaa viatu vya hariri.

Alhamisi, 7 Februari

Doña Herminia karudisha sahani. Kwetu sahani hairudi tupu, kwa hiyo katia vipande viwili vya ndizi, vyembamba unaona ng'ambo. Nikamuuliza, kwa upole, mtoto anaendeleaje. Kasema Arístides ana jino bovu, hagusi baridi. Barafu kampa yule binti mwimbaji wa Nicasio, alipomkuta ngazini anatoka kazini na njaa. Kasema alikula yote. Alilamba na kijiko.

Nikaketi.

Saa kumi na moja Ondina kaja kwa mazoezi. Kafungua mdomo kunisalimu, hakikutoka kitu. Akaonyesha koo. Nicasio akageuka rangi ya jivu. Nimempa asali, limau, mafuta ya kafuri shingoni na soksi ya sufu juu yake. Ameketi jikoni kwangu kimya, mzuri kama picha ya kalenda, ananishukuru kwa mikono. Kanishika mkono akaubusu. Nimesema hii hali ya hewa ya Nyu Yoki ni ya kuua watu.

Ijumaa, 8 Februari

Don Baldomero haji. Kamwambia Nicasio kwamba mwenye masikio ya bakuli hafai kwa muziki. Nicasio kaniuliza kama najua maana yake. Nikasema wanaume wakizeeka huwa na mambo.

Bila vijiti hakuna bendi. Viwili tu, vya mti mgumu, unagonga matatu kisha mawili, matatu kisha mawili, na wote wanatembea juu yake kama watu juu ya daraja. Amezunguka mtaa mzima kutafuta mtu. Mmoja yuko kazini, mwingine jela. Nikamwambia, nipe mimi. Nimevigonga tumboni kwa mama yangu. Kasema, Bibi, utagonga tu? Hutafanya jambo jingine? Nikasema nitafanya jambo gani jingine, mwanangu, mimi mtu mzima.

Nimepiga mazoezi kwa mwiko na sufuria. Vizuri sana. Jirani wa chini kagonga dari, naye alikuwa kwenye mapigo.

Jumamosi, 9 Februari

Ukumbi mtupu mchana una harufu ya nta na manukato ya jana. Jua dogo liliingia dirishani, likalala sakafuni, vumbi likicheza ndani yake polepole. Ondina kavaa gauni la kijani. Kasema kwa mikono atajaribu. Nicasio alikuwa analitazama gauni lile hadi mpiga besi akamkanyaga.

Mimi nimekaa kwenye kiti, vijiti mkononi, natazama sakafu. Pana, inang'aa. Ndipo nikamwona Belisario wangu, marehemu, anaivuka kwa viatu vyeupe, kanyoosha mkono. Tulikutana hivyo Jumapili moja, mvua inanyesha juu ya bati, yeye hana hata senti, na mimi nimekwisha kukubali kabla hajafika. Nilitaka kuinuka. Nicasio akahesabu. Nilichelewa nusu ya pumzi kurudi.

Nikaanza na mawili.

Mawili kabla ya matatu, na wimbo ule ni wa matatu kwanza. Mgeni atasikia kelele ile ile. Kwetu ni kumvalisha mtu kiatu cha kulia mguu wa kushoto na kumwambia akimbie. Mpiga besi alipiga ishara ya msalaba. Nicasio akanitolea macho. Lakini vijiti vikishaanza havigeuzwi. Wimbo ndio unaogeuka. Ni sheria, nimeikuta, sikuitunga. Basi sikugeuza. Nusu ya bendi ikanifuata mimi, nusu ikafuata wimbo, piano ikabaki katikati kama mtoto wa waliotalikiana. Ondina akaingia. Ikatoka sauti ya bawaba.

Mwenye ukumbi ni Mpuertoriko, ana masikio. Aliinua mkono taratibu, kama anayemzuia ng'ombe asiingie kanisani. Akauliza, huyu mama ni nani? Bendi ya Arístides yote imekaa pale, inangoja kucheka. Nicasio angeweza kusema lolote.

Kasema, ni bibi yangu, bwana. Kwa sauti, kifua mbele.

Niliangalia viatu vyangu.

Wakachukuliwa akina Arístides.

Nilishuka ngazi kwanza, nikakaa chini kwenye giza la mlango, sitaki kuonekana. Wao wawili wakabaki juu. Nikamsikia Nicasio anaanza kusema. Mtu ambaye mbele ya msichana yule huwa kama amemeza soksi! Alisema juu ya gauni. Akasema juu ya mwaka mzima, na namna anavyoandika noti za tarumbeta zimsindikize yeye mpaka mwisho wa mstari asitembee peke yake. Alisema robo saa. Sijawahi kusikia robo saa nzuri hivyo, hata Belisario hakunipa. Na Ondina, ambaye siku nyingine angemkata kwenye neno la tatu, hakuwa na cha kumkatia. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nilichungulia. Alikuwa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, machozi yanashuka hadi kwenye soksi ya sufu.

Barafu ya nazi. Nilijua ninachofanya.

Jumapili, 10 Februari

Wamekuja kula mchana. Maharage meusi, wali, nguruwe. Nilikuwa nimekwisha kuamua chumba gani watalala, na mtoto wa kwanza ataitwa nani, na kwamba tiketi ile ataiuza kwa mpiga besi. Nicasio kaweka kijiko chini. Kasema, Bibi, tunakwenda wote wawili.

Ondina ana shangazi Chikago. Kuna ukumbi kule wanakocheza Wameksiko, wanatafuta tarumbeta na sauti ya kike. Siku za kazi kiwanda, Jumapili muziki. Nicasio kasema peke yake alikuwa anaogopa kwenda. Sasa haogopi. Uso wake uling'aa mpaka nikashindwa kumchukia mtu.

Wiki nzima nimesokota kamba ya kumfunga mjukuu wangu, nayo kamba imeota miguu, inamwongoza njia.

Walipoondoka nimeosha vyombo. Nikaviosha tena. Nje theluji inayeyuka, maji yanateremka kwenye mfereji yakizungumza peke yake, na nilidhani nasikia mtu anajaribu tarumbeta mbali, lakini ni maji.

Doña Herminia kashuka. Hakuomba sukari. Kaketi. Kasema Arístides kapata ukumbi na yeye hajui kwa nini hakulala kwa furaha. Kasema huko Chikago hakuna anayejua kupika maharage meusi, vijana watakufa. Kisha kasema nauli yangu atalipa yeye, ya kwenda tu, na kama kuna treni inayofika mwezini ataongeza. Macho yalikuwa mekundu. Nikamwambia ni vitunguu. Kasema ndiyo, vitunguu. Mezani hapakuwa na kitunguu.

Jumatatu, 11 Februari

Niliwaambia nawasindikiza mpaka stesheni. Sikudanganya. Hawakuuliza stesheni ipi.

Mto upande wa kushoto, mpana, una vipande vya barafu, navyo vinasafiri. Miti mitupu. Farasi mmoja katikati ya shamba jeupe, kasimama kama aliyesahau alichofuata. Treni inabembeleza. Nicasio alinikuta behewa la tatu, nimekwisha kuvua viatu. Akajishika kichwa. Kisha akaketi sakafuni, akaegemeza kichwa gotini kwangu kama zamani, akacheka au akalia, sikumtazama, ni mambo yake.

Ondina amepata sauti asubuhi hii. Maneno yake ya kwanza kwangu: Bibi, nimefurahi umekuja, kwa moyo wangu wote, ila nakuomba, nakusihi, usitusaidie tena. Nimemwapia kwa kaburi la Belisario. Nami naapa kwa kweli. Nimechoka na mipango.

Wamekwenda kutafuta kahawa. Mkabala nami kuna mama mjane wa Veracruz, anafuma. Mtu mwema sana. Mkwewe anaendesha kipindi cha muziki redioni Chikago, na ana kaka yake mwenye jumba la maonyesho, bado hajaoa, anatafuta mwimbaji. Nimemwambia Nicasio amepigia maaskofu watatu. Akauliza yule binti wa gauni la kijani ni nani. Mwenye jumba asiyeoa humsikiliza zaidi mwimbaji asiyeolewa, hilo mtoto mdogo analijua. Nikasema ni dada yake Nicasio.

Ni kwa siku mbili tatu tu, mpaka wasaini.

Sasa wanarudi na vikombe, wameshikana mikono, na mama wa Veracruz anamtazama Ondina kutoka juu hadi chini kama anayepima kitambaa cha harusi. Mambo yanakwenda vizuri.